Hesabu ya Tajiri



Nyuma ya daladala za Dar es Salaam huandikwa mambo mengi. Mengine ya kumshukuru Mungu, mengine ya kuisifu Arsenal, na mengine hayasomeki mbele ya watoto. Ila kuna usemi mmoja uliodumu kuliko magari yaliyoubeba: Kazi mbaya ukiwa nayo. Aliyeutunga hatumjui. Nadhani alikuwa mtu wa usukani au wa mlangoni, kwa sababu bwana wa ofisini angetumia ukurasa mzima kusema jambo hilo hilo. Maneno manne tu, na ndani yake yumo mtu anayeilaani kazi yake saa kumi alfajiri simu ikimwamsha, na yumo huyo huyo anayekosa usingizi akisikia kwamba tajiri anatafuta dereva mwingine.

Leo nataka tuzungumze juu ya watu hawa, dereva na konda. Sisi abiria tunawazungumzia kila siku, lakini mazungumzo yetu huwa mafupi: wahuni hao, hawana adabu, wanakimbiza gari kama wamebeba magunia. Basi, yamekwisha. Ukiwauliza wao wanaionaje kazi yao, jibu huanza na tusi dogo, likapitia kwenye kicheko, halafu likaishia mahali pamoja daima, kwenye hesabu. Jua kali watalitaja kwa kupita, trafiki watamtaja kwa uchungu, abiria mgomvi watamwiga mpaka ucheke. Kwenye hesabu sauti inashuka. Nami nimeanza kuamini kwamba mtu hapimi uzuri wa kazi kwa jasho lake. Huupima kwa kujua nani anapanga atabaki na nini jioni.

Kwa wasikilizaji walio mbali na Dar, nieleze hesabu ni kitu gani. Mwenye gari, ambaye wenyewe wanamwita tajiri hata kama naye anadaiwa na benki, humkabidhi dereva gari na kumtajia kiasi. Kiasi hicho kinaletwa kila jioni, gari liwe limejaa, liwe limepwaya, mvua iwe imenyesha Jangwani ikakata barabara, au kuwe na msafara wa mkubwa uliowasimamisha watu saa nzima pale TAZARA. Mafuta ni juu yao. Pancha, mara nyingi, ni juu yao. Faini ni juu yao. Mshahara hakuna. Kinachobaki baada ya yote hayo ndicho chao, dereva akichukua fungu kubwa na konda dogo.

Tuweke namba, nami nazitunga ili tuelewane, maana kila ruti na kila gari lina bei yake. Tuseme Coaster moja ina hesabu ya shilingi 100,000. Mafuta ya siku, ambayo wao huyaita wese, 110,000. Wapigadebe, stendi, maji ya kuoshea gari na vijisenti vingine, 10,000. Hapo gari limeshakula 220,000 kabla watu wawili hawajapata hata chai. Wakikusanya 250,000 wamebaki na 30,000 ya kugawana. Kwa nauli ya shilingi 600, kuifikia 250,000 kunataka abiria zaidi ya 400 wa nauli kamili. Na faini ya trafiki kwa kosa moja ni shilingi 30,000. Yaani kosa moja, mara moja, barabarani, na watu wawili wamefanya kazi kuanzia alfajiri mpaka saa nne usiku bure kabisa.

Msikilizaji, ukishaijua hesabu hiyo, mambo mengi unayoyaona kituoni yanabadilika sura. Gari linalokaa Mwenge dakika 20 likingoja lijae, kisha likatoka mbio kama limechomwa moto, linaendeshwa na akili moja ile ile. Likiondoka nusu tupu, mafuta yatakuwa yale yale. Likichelewa njiani, gari la nyuma litafika mbele na kuchukua vichwa vyote. Ndiyo, vichwa, ndivyo tunavyohesabiwa, na sidhani kama ni matusi. Dereva anayekatisha ruti, akawashusha watu Buguruni wakati ubavuni mwa gari pameandikwa Gongo la Mboto, amepiga hesabu ya foleni iliyo mbele na kuona kwamba tripu hiyo haimlipi. Ni kosa, na sheria inasema ni kosa. Mimi nimeshushwa hivyo, nikakasirika kama yeyote. Lakini hasira yangu ilimwangukia mtu aliyekuwa anatekeleza amri ya mtu ambaye hakuwemo garini.

Tajiri naye tumsikilize, maana na yeye ana hoja, tena nzito. Gari lake liko barabarani saa 16, naye yuko nyumbani au kwenye duka lake. Hakuna tiketi, au ipo inayochanwa siku ya ukaguzi tu. Nauli inalipwa mkononi, noti zinakunjwa katikati ya vidole, na hakuna anayejua siku imeingiza kiasi gani isipokuwa wale wawili. Akiwalipa mshahara, nani atamhakikishia kwamba hawatamletea nusu ya makusanyo na kusema siku ilikuwa mbaya? Hesabu inamwondolea kazi ya ulinzi. Anataja namba yake, analala. Ni busara ya mwenye mali. Ila tuseme wazi kilichotendeka hapo: hatari yote ya siku, mvua, foleni, mgomo, kupanda kwa mafuta, imetolewa kwenye bega la mwenye gari na kuwekwa kwenye bega la asiye na gari.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote. Ni habari ya wanafunzi.

Kila mtu Dar es Salaam amewahi kuona: asubuhi, kituoni, watoto wenye mashati meupe na mabegi mgongoni wamejipanga, gari linafika, konda anasimama mlangoni amenyoosha mkono. Wawili tu, wanafunzi wawili! Mtoto anayejaribu kupenya anasukumwa. Tunasikitika, tunamwita konda mnyama. Waandishi tumeandika, wabunge wamesema, wakuu wa mikoa wametoa amri. Na wote tumemlenga konda.

Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200. Nauli ya mtu mzima kwa safari fupi ilikuwa 400, ikapanda kuwa 500 mwaka 2022, na mwisho wa 2023 ikawa 600. Ya mwanafunzi ikabaki pale pale. Ni uamuzi mzuri, nami nauunga mkono, mtoto asikose shule kwa ajili ya nauli. Swali langu ni dogo: hiyo shilingi 400 iliyopungua analipa nani? Serikali haimrudishii mwenye gari chochote kwa kila mwanafunzi aliyepanda. Tajiri naye hapunguzi hesabu kwa sababu watoto walikuwa wengi leo. Hasara hiyo imeteremka ngazi kwa ngazi mpaka ikatua mfukoni mwa mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote waliomo katika mnyororo huo. Taifa limetoa msaada kwa watoto wake, na anayeulipa ni konda. Halafu tunamshangaa akinyoosha mkono mlangoni.

Sisemi anafanya vizuri. Nasema hata malaika, ukimpa Coaster, hesabu ya 100,000 na watoto 15 kituoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, atafikiri kwanza.

Kabla hatujaenda mbali, turudi nyuma kidogo, kwa sababu kazi hii ina historia ya ajabu. Shirika la usafiri la mji, UDA, lilianzishwa mwaka 1974. Wenye umri wangu wanayakumbuka mabasi ya Ikarus kutoka Hungaria, yale marefu yenye kiungo katikati. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 nchi haikuwa na fedha za kigeni, vipuri havipatikani, mabasi yamelala yadi, na watu wanakwenda kazini kwa miguu. Magari ya watu binafsi yalikuwa yakibeba abiria kwa kujificha, na mwaka 1983 yakaruhusiwa rasmi.

Mwaka huo huo, 1983, serikali ilipitisha sheria ya nguvu kazi, na msako ukaanza. Watu walikamatwa mitaani Dar es Salaam waonyeshe wanafanya kazi gani. Mwenye kitambulisho cha mwajiri aliachwa. Mng'arisha viatu, muuza karanga, mchuuzi wa barabarani, hao walihesabiwa kuwa wazururaji, wengi wakapakiwa kwenye malori na kupelekwa vijijini wakalime. Basi tazama mambo yalivyo: mkono mmoja unawafukuza mjini vijana wasio na kazi inayotambulika, mkono wa pili unafungua mlango wa biashara itakayokuja kubeba maelfu ya vijana wa aina hiyo hiyo, bila mkataba, bila kitambulisho, bila jina katika daftari lolote la mwajiri. Kwa kipimo cha msako ule, konda wa leo angepandishwa kwenye lori.

Na mabaki ya mawazo yale bado tunayo. Mwulize kijana wa mlangoni anafanya kazi gani. Wengi watakujibu kwamba kazi bado hawajapata, hapa wanajishikiza tu. Miaka minane anajishikiza! Amekwishaoa, watoto wawili, amepanga chumba na sebule Mbagala, na bado anajishikiza. Wazazi wake kijijini wameambiwa yuko kwenye mambo ya usafirishaji.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo anayesema hana kazi, ukikaa naye karibu utaona fahari. Mtazame konda mzuri, maana wapo wazuri na wapo wa kubahatisha. Ndani ya gari wamo watu 40, wamebanana, wengine wameingia mlango wa nyuma. Hana karatasi, hana kalamu. Anachezesha sarafu kiganjani, wewe unaelewa kwamba zamu yako imefika. Watu kumi amewapokea noti za 10,000 na hajawarudishia chenji. Mama wa dirishani anashuka kituo cha Sayansi, mzee wa mbele anashuka kituo cha Morocco na asikumbushwe kwa kelele kwa sababu ana heshima zake. Yule mwenye shati la bluu anajifanya amelala ili asilipe. Yote hayo yamo kichwani mwa kijana aliyeambiwa darasa la saba kwamba hesabu hazimwingii. Na anapopiga bodi mara mbili kumruhusu dereva, mwili wake uko nusu nje, mkono mmoja umeshika bomba, na jicho limekwishaona abiria wa kituo kinachofuata na trafiki aliyejificha nyuma ya mwembe.

Dereva naye ana fahari yake, ya kimya zaidi. Anaijua ruti shimo kwa shimo. Anajua Ijumaa saa ngapi watu wa msikitini wanatoka, mwisho wa mwezi foleni ya wenye magari inaanzia wapi, na jioni pale Posta abiria wangapi watapanda gari likiwa bado linaingia mjini, wageuze nalo, walipe mara mbili ili tu wapate siti ya kurudia nyumbani. Anajua hata tabia za trafiki wa zamu. Kumwambia mtu kama huyu kwamba hana taaluma ni kumtukana. Kumwambia kwamba ana taaluma halafu umlipe mabaki, sijui ni kufanya nini.

Kuna watu wengine wanaokula katika gari hilo hilo, na tukiwasahau picha haitimii. Yuko deiwaka, mtu asiye na gari lake, anayekaa kijiweni kungoja dereva au konda achoke. Mchana jua likiwa kali na abiria wakiwa wachache, mwenye zamu humpa tripu mbili tatu ili akale na kunyoosha mgongo. Deiwaka anapata cha siku. Kesho mwenye zamu akifukuzwa na tajiri, maana kufukuzwa ni neno moja tu la simu, yeye ndiye atakuwa deiwaka, na yule aliyepewa tripu jana atamkumbuka. Hakuna ofisi iliyoanzisha utaratibu huo, wala hauna makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii, lakini ndio umewalisha watu wengi waliokuwa wamefukuzwa jioni na kuamka hawana pa kwenda.

Wapigadebe ni habari nyingine. Gari limeandikwa linakokwenda, abiria anajua anakokwenda, na katikati yao anasimama mtu anayepiga kelele Kariakoo Kariakoo Kariakoo mpaka sauti inakauka, halafu anadai chake kwa konda. Wamepigwa marufuku mara nyingi, na wamerudi mara zote. Nakiri simwelewi sana mpigadebe, na makonda wenyewe huwalalamikia, lakini hawaachi kuwapa. Ukikataa kulipa, kesho gari lako halijai.

Msomi mmoja, Matteo Rizzo wa Chuo Kikuu cha London, aliwafuatilia watu wa daladala kwa miaka mingi na mwaka 2017 akatoa kitabu kizima juu yao. Alichokisisitiza ni kwamba watu hawa si wafanyabiashara wadogo, kama tunavyopenda kuwaita tunaposifia ujasiriamali. Ni waajiriwa. Wana bosi, hawana gari, wanauza nguvu zao. Kinachokosekana ni karatasi ya kusema hivyo. Wenyewe walikuwa wamekwishaliona hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walianzisha chama chao, UWAMADAR, wakashirikiana na chama cha wafanyakazi wa mawasiliano na uchukuzi, COTWU, na dai lao kubwa halikuwa nyongeza. Lilikuwa mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe maelezo ya ajira kwa maandishi. Iko kitabuni, imechapwa vizuri.

Aprili 10, 2015, wengi mtakumbuka. Madereva wa mabasi waligoma nchi nzima. Stendi ya Ubungo watu wamekaa juu ya mabegi, daladala hazionekani, polisi wanarusha mabomu ya machozi. Kilichowasha moto ni agizo la madereva kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, lakini ndani ya mgomo ule lilikuwemo lile dai la zamani la mikataba. Mei wakagoma tena. Serikali ikaunda kamati, wakati huo waziri mkuu akiwa Mizengo Pinda. Jirani zetu wa Kenya walikuwa wametutangulia: mwaka 2004, kanuni za Waziri John Michuki, zile zilizoleta mikanda na vidhibiti mwendo kwenye matatu, zilitaka pia dereva na makanga waajiriwe kwa kudumu na walipwe mshahara wa mwezi. Mikanda tuliiona. Mshahara wa mwezi, muulize makanga yeyote wa Mombasa.

Kwa nini mkataba haushuki kutoka kwenye karatasi? Kwa sababu mkataba bila kubadili hesabu ni pambo. Unaweza kumwandikia konda mkataba mzuri wenye mihuri, uutie kwenye faili la leseni, na jioni namba ile ile ikapelekwa kwa tajiri. Siku mbaya itakuwa yake vile vile. Mkataba unasema mshahara. Hesabu inasema leta. Leta ndiyo inayoshinda, maana ndiyo inayopigiwa simu.

Watu watasema, basi dawa ni mwendokasi. Mei 2016 mabasi yale ya buluu yalianza kutembea Barabara ya Morogoro, Kimara mpaka Kivukoni, na daladala zikaondolewa katika barabara hiyo. Dereva wa mwendokasi hana hesabu. Ana mshahara, ana sare, ana zamu. Ni hatua, nami siibezi. Lakini abiria wa Kimara amejifunza jambo ambalo hakulitarajia. Dereva asiye na hesabu hakukimbizi, ila pia hana haja na wewe. Unaweza kumkimbilia ukiwa na mtoto mgongoni, mlango ukafungwa, basi likaondoka, na roho yake imetulia kabisa. Konda wa daladala angeruka chini akubebee na kapu. Ni kweli alikuwa anaitafuta 600 yako. Lakini alikuwa anakutafuta.

Kwa hiyo mshahara peke yake hautoshi kumfanya mtu aipende kazi, na hesabu peke yake inaifanya kazi iwe ya kukimbiza roho. Kuna njia ya katikati, na vijana wa bodaboda waliipata bila kamati. Pikipiki za kibiashara ziko za aina mbili. Kuna ya hesabu, unampelekea mwenyewe kiasi cha siku au cha wiki, na utampelekea mpaka uchoke. Na kuna ya mkataba: unapeleka kiasi kikubwa kidogo, kila siku, kwa muda uliokubaliwa, mwaka au zaidi, na muda ukiisha kadi inabadilishwa jina, pikipiki inakuwa yako. Kazi ni ile ile. Jua ni lile lile, abiria ni wale wale wanaokwambia haraka halafu wanataka kupunguziwa. Lakini kaa kijiweni uwasikilize. Kijana wa hesabu anaizungumzia pikipiki kama ya mtu. Oili ikichelewa kubadilishwa, shauri ya mwenyewe. Kijana wa mkataba anaipangusa kwa fulana yake, na ukimwuliza lini atamaliza, anakutajia mwezi.

Sitaki kuipamba mikataba hiyo. Mingine ni unyonyaji mtupu. Ukijumlisha malipo yote unakuta kijana amenunua pikipiki karibu mara mbili ya bei ya dukani, na akiugua malaria wiki mbili, mwenye mali anakuja kuichukua wakati imebaki miezi miwili. Visa hivyo viko polisi na viko kwa wajumbe wa mitaa. Hata hivyo tofauti ya mioyo naiona, na haielezwi na pesa ya siku, kwa sababu wa mkataba kwa kweli anabaki na pungufu kuliko mwenzake. Wa hesabu hana tarehe. Wa mkataba anayo.

Daladala haina mkataba wa namna hiyo, na sababu iko wazi, Coaster si pikipiki, bei yake haimaliziki kwa mwaka. Ila hata pasipo kumuuzia mtu gari, yapo mambo yanayoweza kuandikwa. Hesabu ya siku ya mvua. Hesabu ya siku gari lilipolala gereji nusu siku kwa ubovu wa injini ambayo si yao. Nani analipa faini ya taa iliyokufa, aliyeikuta imekufa au mwenye taa. Punguzo la wanafunzi, shilingi 400 kwa kila kichwa kidogo, tajiri abebe sehemu, na serikali ibebe sehemu yake, maana watoto ni wa serikali pia inapofika siku ya kuhesabu walioandikishwa shule. Na muda: mtu akifukuzwa, apewe hata wiki, asipewe simu ya usiku.

Mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, inapotaka kupandisha nauli huitisha watu. Wenye mabasi wanakuja na chama chao na makabrasha yenye bei ya matairi na mafuta. Watetezi wa abiria nao wanasema ya kwao. Mwishoni linatoka tangazo: kilomita kadhaa, shilingi kadhaa, mwanafunzi 200. Tangazo lile linataja kila bei iliyomo ndani ya daladala isipokuwa moja. Hesabu haimo. Nauli ilipopanda kutoka 500 kwenda 600, konda hakupata tangazo lolote kuhusu hesabu yake. Yeye na dereva walisubiri simu, na kila tajiri alipandisha kwa kadiri ya roho yake.

Najua miongoni mwa wanaonisikiliza sasa hivi wamo matajiri wa daladala. Wengine mko magarini mwenu, wengine dukani. Najua mna majibu, na mengine nimejaribu kuwasemea hapa, pengine vibaya. Wiki ijayo, siku hii, saa hii, kiti kimoja studio ni chenu. Njooni na hesabu zenu za mwezi, za gereji na za bima, tuzisome hewani shilingi kwa shilingi. Kiti cha pili nimekwishampa konda mmoja wa ruti ya Tandika. Amekubali kuja, ila ameomba kipindi kisizidi nusu saa, kwa sababu gari atamwachia deiwaka, na hesabu ya siku hiyo bado ni yake.